Namna ya Kutunga Baladi ya Souli Kuhusu Penzi Linalofifia, na Kuifikisha kwa Wasikilizaji wa Uganda

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutunga, kurekodi na kufikisha kwa watu wimbo mmoja wa taratibu, wa mtindo wa souli (soul) wa Wamarekani Weusi, kuhusu penzi linalopoa, na anayetaka kuuimba kwa Kiswahili akiwa Uganda. Ninauandika nikiwa Jinja, katika mtaa wa Walukuba, ambako watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi viwandani wakakuta Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na ambako mpaka leo mtu hutongoza, hugombana na huomba msamaha kwa lugha hiyo bila kuiona ngeni.

Kabla ya kushika gitaa, tenganisha penzi lililovunjika na penzi linalofifia. Penzi lililovunjika lina kelele: kuna mlango uliobamizwa, kuna sanduku lililofungwa usiku, kuna mkosaji anayejulikana kwa jina. Penzi linalofifia halina tukio lolote. Wawili bado wanaishi nyumba moja, chakula kinapikwa, kodi ya nyumba inalipwa, watoto wanapelekwa shule, na hakuna kati yao anayeweza kutaja siku ambayo mambo yalibadilika. Kwa hiyo mtunzi hana kisa cha kusimulia. Alicho nacho ni dalili tu. Kazi yake yote ni kuzikusanya dalili hizo, kuzipanga kuanzia iliyo ndogo kabisa, na kulichelewesha neno lenyewe mpaka msikilizaji awe amelitambua kabla ya kuambiwa.

Kukusanya dalili

Chukua daftari na kwa muda wa wiki moja uandike dalili ishirini za penzi lililopoa, moja katika kila mstari. Kisha futa kila mstari uliotaja moyo, machozi, maumivu au kuachwa. Utakaoufuta ni mwingi, na inayobaki ndiyo mali yako. Vijana ninaowafundisha hulalamika katika hatua hii, kwa sababu wamezoea kudhani kuwa wimbo wa mapenzi ni lazima utaje mapenzi, lakini wakirudi wiki ya pili huja na mambo ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuyaandika: mke aliyeanza kumwita mumewe kwa jina la kwenye kitambulisho badala ya lile la nyumbani, mume ambaye halalamiki tena kuhusu chumvi, simu inayokatwa mara tu ujumbe unapomalizika.

Dalili iliyo bora kwa msikilizaji wa Uganda, kwa maoni yangu, ni salamu. Katika nyumba zetu, ziwe za Baganda, Basoga au majirani zao, salamu ni jambo refu. Mtu huulizwa alivyolala, alivyoshinda, na habari za waliobaki nyumbani, na majibu husubiriwa. Mtu anayemjibu mwenzake kabla swali halijaisha, huku akiendelea kutafuta ufunguo mfukoni, amekwisha kusema kila kitu. Ukiiweka picha hiyo katika ubeti wa kwanza hutahitaji kuieleza.

Hapa kuna beti mbili fupi nilizoandika kama mfano wa kazi hii, ya pili ikiwa kiitikio:

*Wapika chai mapema, wanimiminia nusu,*
*Nikiuliza wahema, wasema halinihusu.*

*Penzi lapoa, lapoa, nami naota jivuni,*
*Penzi lapoa, lapoa, nami naota jivuni.*

Beti ya kwanza haina neno penzi. Kuna chai, kuna kikombe kisichojazwa, kuna mtu anayehema badala ya kujibu. Neno penzi linakuja katika kiitikio tu, na linakuja pamoja na kitenzi kimoja chenye maana mbili, kwa kuwa anayeota jivuni anaweza kuwa anatafuta joto la moto uliozimika, na anaweza pia kuwa anaota ndoto akiwa ameketi katika majivu. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii, na mtunzi wa baladi anapaswa kuyatafuta kama mwindaji.

Utaratibu huu wa kuanza na dalili una ushahidi mkubwa. Wimbo wa The Righteous Brothers, waimbaji wawili wa Marekani, uitwao You've Lost That Lovin' Feelin', uliotungwa na Barry Mann, Cynthia Weil na Phil Spector na kutolewa Novemba 1964, unafunguliwa kwa jambo dogo linaloonekana usoni mwa mpenzi wakati wa busu, kisha unaendelea hadi mikononi mwake, na ndipo tu kiitikio kinapotaja kilichopotea. Mwaka 1999 shirika la Marekani la haki za watunzi, BMI, liliutaja kuwa wimbo uliopigwa zaidi katika redio na televisheni za nchi hiyo katika karne ya 20, ukiwa umepigwa zaidi ya mara milioni 8. Nitaurudia wimbo huu mara kadhaa, kwa sababu sijaona mwingine unaofundisha mengi zaidi kuhusu jambo hili.

Mizani, mkazo na irabu

Mishororo ya mfano wangu ina mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane kwa ukwapi (nusu ya kwanza) na nane kwa utao (nusu ya pili), kama shairi la kawaida. Si lazima ufuate hesabu hiyo, lakini ninaipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu masikio ya wasemaji wa Kiswahili yameizoea kwa vizazi vingi, na kwa sababu nusu mbili zinazolingana zinampa mwimbaji mahali pa kuvuta pumzi bila kukata neno.

Jambo linaloharibu nyimbo nyingi za Kiswahili zinazotungwa Kampala ni mkazo. Luganda ni lugha ya toni, na mtunzi aliyelelewa nayo hujali sana kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, na mkazo huo hukaa karibu kila mara katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiiweka silabi ya mwisho ya neno penzi juu ya pigo zito, msikilizaji wa Mombasa au Tanga atajikunyata hata kama hawezi kueleza kwa nini. Neno barabara linaonyesha uzito wa jambo hili: mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, hiyo ni njia ya magari, ukihamia katika silabi ya pili, maana inakuwa sawasawa kabisa. Soma mashairi yako kwa sauti ya kawaida huku ukipiga meza katika kila mkazo, kisha hakikisha kuwa mapigo mazito ya muziki yanaangukia hapohapo.

Kwa upande wa irabu, Kiswahili ni zawadi kwa mwimbaji wa souli, kwa kuwa maneno yake ya asili huishia kwa irabu na kila irabu inaweza kurefushwa. Hata hivyo irabu hazilingani. A na o hufungua kinywa na hustahimili kuvutwa juu. I na u hubana koo, na ni bora ziimbwe chini au kwa ufupi. Ndiyo maana katika kiitikio changu neno lapoa limewekwa mahali tuni inapopanda, na neno jivuni limewekwa mahali inaposhuka. Niliandika matoleo manne kabla ya kulipata hilo.

Kuna pia suala la neno moyo, ambalo mtunzi wa Uganda analo kwa utajiri usiopatikana kwingine. Katika Kiswahili moyo hupenda na roho huishi milele, lakini katika Luganda omwoyo ni roho, na kinachodunda kifuani ni omutima. Mwanamuziki Maurice Kirya, aliyeshinda tuzo ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, mwaka 2010, aliuita muziki wake Mwooyo, na msikilizaji wa Kampala akalielewa bila kufasiriwa. Sasa kumbuka kuwa washairi wa Kiswahili nao wana neno mtima, la kale na lenye upole. Ukiimba moyo, Mganda atasikia roho. Ukiimba mtima, Mganda atasikia moyo na Mswahili atasikia ushairi. Mimi huchagua mtima kwa mstari mmoja tu katika wimbo mzima, ule unaokuja mwisho wa daraja (sehemu inayotangulia kiitikio cha mwisho), na huliacha neno hilo peke yake bila chombo kingine zaidi ya besi.

Mwendo, ufunguo na ngazi za wimbo

Souli ilitoka kanisani. Waimbaji Weusi wa Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, waliuchukua uimbaji wa injili pamoja na kuitikiana kwake na kusihi kwake, wakauelekeza kwa mpenzi. Mwimbaji wa Uganda aliyekulia katika kwaya ana nusu ya elimu hii tayari, hasa ikiwa amewahi kuimba sauti ya tatu au ya nne na kujifunza kusubiri zamu yake.

Weka mwendo kati ya mapigo 60 na 70 kwa dakika, na kila pigo uligawanye mara tatu, ili mkono wa mpiga gitaa uhesabu moja-mbili-tatu mara nne katika kila kipimo. Mgawanyo huo wa tatu ndio unaoubembeleza wimbo. Otis Redding aliutumia mwaka 1965 katika baladi aliyoitunga pamoja na Jerry Butler kuhusu mwanamke anayeanza kuchoka na penzi, na unafaa sana kwa ala zetu: adungu, kinubi cha Waalur wa West Nile, inaweza kuzipiga noti tatutatu kwa utulivu ambao kinanda cha umeme hakina. Mahali ambapo Wamarekani wangeweka kundi la fidla, mimi huweka endingidi moja. Waya wake mmoja unalia kama mtu anayejizuia, na hiyo ndiyo hali ya wimbo wenyewe. Usiweke endingidi wimbo mzima, lakini. Iache ijibu mwishoni mwa mistari ya ubeti wa pili na katika daraja, basi.

Ufunguo huchaguliwa kwa kuangalia mstari wa chini kabisa, si wa juu. Kosa langu katika wimbo wangu wa kwanza lilikuwa hili: nilimpa mwimbaji ubeti wa kwanza katika sehemu ya sauti aliyokuwa anaipenda, iliyo nzuri na yenye nguvu, na tulipofika kiitikio cha pili hakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kupiga kelele. Tuliushusha ufunguo hatua mbili nzima, ubeti wa kwanza ukawa karibu mazungumzo, na wimbo ukapata nafasi ya kupanda. Katika ule wimbo wa The Righteous Brothers mtu anayeanza ni Bill Medley, mwenye sauti nzito, akiwa peke yake na chini kabisa, huku mwenzake Bobby Hatfield, mwenye sauti ya juu, akisubiri mpaka kiitikio. Husimuliwa kuwa Barry Mann aliposikilizishwa rekodi hiyo kwa simu, alidhani inachezwa kwa kasi pungufu, jinsi ilivyokuwa nzito na ya taratibu. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba kama hakuna mtu hata mmoja aliyewaambia wimbo wao ni wa polepole mno, basi bado una haraka.

Panga vyombo kwa ngazi. Ubeti wa kwanza uwe sauti na gitaa au adungu. Kiitikio cha kwanza kilete besi. Ubeti wa pili ulete ngoma, zikipigwa kwa mkono au kwa brashi. Ukifika kwenye daraja, punguza karibu kila kitu, kisha uanze kuitikiana: mwimbaji asihi kwa maneno machache, mwitikiaji arudie kwa sauti ya juu kidogo, na kila mzunguko uongeze nguvu mpaka kiitikio cha mwisho kilipuke chenyewe. Ndivyo ilivyofanywa katika ule wimbo wa mwaka 1964, na ndivyo inavyofanywa kila Jumapili katika makanisa ya walokole kuanzia Katwe hadi Mbale. Katika daraja ndipo anayeimba anaacha kuorodhesha dalili na kuomba waziwazi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Akiomba mapema zaidi, msikilizaji atamwonea aibu.

Kurekodi kwa uwezo mdogo

Phil Spector, aliyekuwa pia mtayarishaji wa wimbo ule, alirekodi katika studio ya Gold Star, Los Angeles, akiwa na wanamuziki wengi waliopiga sehemu zilezile kwa pamoja, na akitumia vyumba maalumu vya mwangwi vya studio hiyo, mtindo ulioitwa ukuta wa sauti. Usijaribu kuiga wingi huo kwa vitufe vya kinanda. Utapata ukuta wa karatasi. Unachoweza kuiga ni mwangwi, kwa kuwa vyumba vile vilikuwa vyumba vya kweli, vyenye spika upande mmoja na kipaza sauti upande mwingine. Rekodi sauti ya mwimbaji kwanza katika chumba kilichozibwa kwa magodoro na mablanketi, kisha uichukue rekodi hiyo mpaka ukumbi mtupu wa kanisa au ngazi za jengo la ghorofa, uicheze kwa spika, na uirekodi tena kwa mbali. Changanya kidogo ya pili na nyingi ya kwanza. Rekodi usiku, ikiwa hakuna mvua. Paa la mabati limenipotezea vipindi vingi kuliko umeme uliokatika.

Mwimbaji aimbe wimbo mzima bila kukatwa, mara tatu au nne, na uchague mara moja iliyo nzima. Sauti iliyounganishwa vipande vipande hainyauki kwa mpangilio, na wimbo huu unahusu kunyauka.

Kabla ya kuachia, mwandikiane nani ametunga nini na kwa sehemu gani. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi pindi kazi inapowekwa katika hali ya kudumu, lakini kuiandikisha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na kujiunga na UPRS, chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi, hurahisisha madai baadaye.

Jinsi wimbo utakavyopokewa

Kizuizi cha kwanza ni lugha yenyewe. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini katika Uganda ya kati wapo watu wazima ambao bado wanakisikia kama lugha ya kambi za wanajeshi na ya kizuizi cha barabarani, kwa sababu ndivyo walivyokutana nacho katika miaka ya hofu. Msikilizaji wa namna hiyo anapolisikia penzi likiombwa kwa upole kwa lugha aliyoamrishwa nayo, kitu fulani hugeuka ndani yake. Nimemwona mzee mmoja akiomba wimbo urudiwe, na hakuuliza maana ya neno hata moja. Kwa hiyo usiufiche Kiswahili chako kwa kuchanganya mistari ya Kiingereza ili upendeze. Upole wa lugha hii ndio habari mpya unayowaletea watu.

Jambo la pili ni kwamba wasikilizaji wetu wanajua kufuata maneno. Kadongo kamu, muziki wa gitaa na simulizi uliojengwa na kina Fred Masagazi, Christopher Sebadduka na Elly Wamala, na baadaye Paul Kafeero, umewalea watu kusubiri kisa kiishe. Usiwaogope kwa ukimya wala kwa taratibu yako. Wanaokosa subira ni watangazaji, ambao tangu redio binafsi zilipoanza mwaka 1993 wamekuwa na matangazo ya kulipiwa ya kuyapangia nafasi. Spector alilijua hilo: lebo ya sahani yake iliandikwa dakika 3 na sekunde 5, ilhali wimbo ulizidi dakika tatu na nusu, na Februari 1965 ulikuwa nambari moja Marekani na Uingereza. Sishauri uongo huo. Tengeneza toleo la pili, lisilo na utangulizi na lenye ubeti mmoja pungufu, lakini lenye daraja zima, na ulipeleke kwa vipindi vya usiku vya mapenzi. Kituo kimoja kilikata wimbo wangu kabla ya daraja, na waliousikia walidhani ni malalamiko tu. Sehemu ya kuomba, ambayo ndiyo penzi lenyewe, haikuwafikia.

Kabla ya redio, ujaribu kwa watu wasiokudai adabu. Ucheze kituo cha boda boda jioni, au saluni, bila kusema ni wa nani, na uangalie nyuso. Anayesema wimbo ni mzuri hajakuambia kitu. Anayenyamaza katika ubeti wa kwanza, au anayemtazama mwenzake, au anayesema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye kwake ni hivyo, huyo ndiye aliyekusikia. Wakicheka katika mstari fulani, uuandike upya mstari huo. Mara nyingi dalili uliyoichagua ilikuwa ya kuchekesha na wewe hukujua.

Mwisho, zungumza na mwenzi wako kabla wimbo haujatoka, na umsikilizishe mara ya kwanza mkiwa wawili tu. Sikufanya hivyo. Mke wangu alipewa pole sokoni na mama mmoja muuza nyanya, ambaye aliuamini kila mstari, na alirudi nyumbani akiwa ameumia kwa kitu ambacho hakikuwa cha kweli kwetu. Nilimweleza kuwa ile chai ya nusu niliiona katika nyumba nyingine, miaka mingi iliyopita, nikiwa mtoto. Akasikiliza, akaniuliza nyumba ipi, na usiku ule tukazungumza kuhusu wazazi wangu kwa mara ya kwanza. Tangu hapo yeye ndiye msikilizaji wa kwanza wa kila ninachotunga, na mistari miwili iliyo bora zaidi katika daraja la wimbo wangu wa pili ni ya kwake na imeandikwa kwa jina lake.

Unapouimba mbele ya watu, usiutambulishe kwa maelezo, na usiuimbe kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, wala harusini hata ukiombwa na mwenye shughuli. Uweke katikati ya orodha, baada ya wimbo wa kuchezesha, ili watu wawe wameketi kupumzika. Kiitikio cha mwisho kikiisha, mpiga gitaa aliache neno jivuni lishuke peke yake, auzuie mkono wake juu ya nyuzi, na ahesabu kimoyomoyo hadi nane kabla ya kuanza kitu kingine chochote.